Jino moja la milimita 3: kisa cha Karl Schmidt na damu iliyoishiwa nyuzi

Jeraha lenyewe ungeweza kulifunika kwa punje ya mchele. Nyoka alimng'ata Karl Patterson Schmidt kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, upande wenye nyama, penye kiungo cha kwanza. Yaliyomfikia ni meno ya nyuma peke yake, na kati ya hayo ni moja tu, la kulia, lililozama lote: milimita 3. Ilikuwa alasiri ya tarehe 25 Septemba 1957, ndani ya Makumbusho ya Field, Chicago, Marekani. Kesho yake saa 9 alasiri Schmidt alitangazwa kuwa amefariki.

Kazi yangu ni ya maabara, kupima damu za watu, na kisa hiki nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara nakwama palepale, kwenye kifungua kinywa. Nitafika hapo.

Schmidt hakuwa mgeni wa nyoka. Alizaliwa mwaka 1890, na maisha yake karibu yote ya kazi aliyatumia kwa wanyama watambaao na amfibia. Kuanzia 1941 hadi alipostaafu 1955 alikuwa mhifadhi mkuu wa idara ya zoolojia katika makumbusho hayo, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuja kazini. Nyoka huyo hakuwa wake. Alikuwa ametumwa na Marlin Perkins, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, ili wataalamu wa makumbusho wamtambue. Alikuwa mdogo, urefu wake kama sentimita 76, asili yake Afrika.

Wakamzunguka. Umbo la kichwa na rangi zake zilisema ni boomslang. Gamba moja likaleta ubishi: lile linalofunika tundu la haja, ambalo kwa boomslang kwa kawaida limegawanyika vipande viwili. La huyu lilikuwa zima. Katika mjadala huo Schmidt akampokea nyoka kutoka mkononi mwa mwenzake, Robert Inger, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimchukua bila kufikiria tahadhari yoyote. Nyoka akafungua kinywa wazi kabisa na kumng'ata papo hapo. Ubishi wa gamba ukaishia hapo.

Jina boomslang ni la Kiafrikana, maana yake nyoka wa mti. Kwa sayansi ni Dispholidus typus. Yuko kwetu pia, Kenya na Tanzania, kwenye miti na vichaka, akiwinda vinyonga na ndege. Ana macho makubwa kupita kiasi, na akitishwa hujaza hewa shingoni mpaka ikavimba. Madume wengi ni wa kijani, majike huwa na rangi ya udongo. Ni mwoga, hukimbia kuliko kugombana, ndiyo maana anaowang'ata ni wachache, na wengi kati yao ni wale waliomshika kwa mikono. Kwa wenzetu wengi wa pwani kila nyoka wa kijani aliye mtini ni ukukwi, na ukukwi hana neno. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ukukwi wa kweli na boomslang wa kijani hukaa kwenye mti uleule.

Meno yake ya sumu yako nyuma, chini ya macho. Hayana tundu ndani kama ya kifutu. Yana mfereji ubavuni, na sumu hushuka humo taratibu, bila ile nguvu ya kusukuma waliyo nayo kifutu na jamaa zake. Kwa muda mrefu nyoka wa meno ya nyuma walihesabiwa kuwa hawana madhara kwa mtu. Wataalamu wa Chicago walikuwa na sababu zaidi za kujituliza: huyu ni mtoto, na ni jino moja tu lililoingia sawasawa. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini ilikuwa mbaya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa sumu hii kiasi kidogo sana kinatosha, kwa sababu haihitaji kuharibu kitu kwa wingi wake. Inachofanya ni kuuwashia mwili moto kwa kuni za mwili wenyewe.

Schmidt akaanza kuandika. Alifanya alichokuwa amezoea, kuangalia na kurekodi, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka uliofuata na mwenzake Clifford Pope. Nazitaja hapa kwa saa zetu.

Kuanzia saa 10:30 hadi 11:30 jioni, akiwa ndani ya treni kuelekea nyumbani Homewood, alipata kichefuchefu kikali bila kutapika. Kisha baridi na kutetemeka, halafu homa ya nyuzi 38.7. Saa 11:30 hiyohiyo damu ikaanza kutoka kinywani, hasa kwenye fizi.

Hapa kwenye fizi tusimame kidogo. Kwa anayepima damu, sentensi ile fupi ina uzito kuliko homa, kichefuchefu na baridi zikiwekwa pamoja. Mtu amechomwa kidoleni, na damu inatoka mdomoni. Hakuna aliyemgusa mdomo. Fizi huumia kidogokidogo kila siku, kwa kutafuna na kwa mswaki, na kila siku mwili huziba vijitundu hivyo bila sisi kujua. Zikianza kuvuja zenyewe, maana yake ni kwamba kazi ile ya kuziba imesimama mwili mzima. Saa chache tu tangu kung'atwa, habari ilikuwa tayari imeshaandikwa, kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe.

Kazi hiyo ya kuziba inafanywa na nini? Ndani ya damu kuna nyuzi ambazo hazijasukwa, ziitwazo fibrinojeni. Ini ndilo linalozitengeneza, na mtu mwenye afya ana gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya maji ya damu. Zinaelea tu, hazishikani. Ukijikata kwa kisu jikoni, chembe sahani hukimbilia kwenye tundu na kujibandika hapo, na juu yake unaanza mnyororo wa protini, moja ikiiamsha nyingine, mpaka kuifikia protini iitwayo protrombini. Protrombini ikikatwa mahali pake hugeuka kuwa trombini. Trombini nayo ni mkasi: inanyofoa vipande vidogo kutoka kwenye fibrinojeni, nyuzi zinanatana, zinakuwa fibrini. Fibrini ni wavu hasa, ukiutazama kwa hadubini yenye nguvu unauona kama jarife la mvuvi, na chembe nyekundu zimenaswa ndani yake.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba wavu unasukwa pale tu palipotoboka. Mwili una breki kadhaa za kuhakikisha trombini haitoki nje ya mipaka ya jeraha.

Sehemu kubwa ya sumu ya boomslang ni vimeng'enya vya jamii ya metaloproteinezi, vyenye chembe ya zinki pale panapokata. Hivi havisubiri mnyororo. Vinaikamata protrombini moja kwa moja na kuigeuza trombini, popote damu ilipo, penye jeraha na pasipo na jeraha. Watu wengi husema sumu ya namna hii inayeyusha damu. Ukweli ni wa kushangaza zaidi: inaigandisha. Inasuka vijiwavu vidogovidogo katika mishipa yote kwa wakati mmoja, na mwili, kwa kujitetea, unavikatakata na kuviyeyusha haraka kama vinavyosukwa. Uzi unatumika, unaharibiwa, unatumika, unaharibiwa. Ini haliwezi kufuata mwendo huo. Baada ya saa chache ghala ni tupu, na kuanzia hapo damu ni kimiminika tu, haina cha kujifungia hata mahali ambapo mchubuko wa kawaida ungejifunga kwa dakika chache. Protini nyingine za jamii ileile hudhoofisha kuta za mishipa midogo zenyewe, kwa hiyo matundu yanaongezeka wakati uzi umekwisha.

Ndiyo sababu kidole cha Schmidt hakikuwa na la kusema. Kifutu angemvimbisha mkono mpaka begani na kumpigisha kelele za maumivu, na kila mtu angemkimbiza hospitali. Sumu ya boomslang haina haja na kidole. Inapita hapo kama msafiri anavyopita stendi.

Turudi Homewood. Saa 2:30 usiku alikula vipande viwili vya mkate uliolowekwa maziwa. Kuanzia saa 3 hadi saa 6:20 usiku alilala vizuri. Alipoamka kukojoa, kilichotoka kilikuwa karibu damu tupu, na kidogo. Saa 10:30 alfajiri alikunywa glasi ya maji na kutapika kwa nguvu, chakula cha jioni kikatoka kikiwa hakijasagika. Akajisikia nafuu zaidi. Akalala tena mpaka saa 12:30 asubuhi.

Joto la mwili: nyuzi 36.8. Homa imekwisha.

Na sasa kifungua kinywa. Saa 1 asubuhi Karl Schmidt alikula nafaka, yai juu ya mkate uliobanikwa, rojo la matofaa na kahawa. Aliandika hivyo, kitu kimoja baada ya kingine. Anayesoma anaona mtu anayepona: amelala, homa imeshuka, ana hamu ya kula. Mstari unaofuata unasema mkojo haupo, badala yake damu kama mililita 30 kila baada ya saa tatu hivi, na kinywa na pua bado vinavuja, si kupita kiasi. Hayo ya "si kupita kiasi" ndiyo maneno ya mwisho aliyoandika.

Ninaamini kiini cha kisa kizima kiko katika pengo kati ya yai lile na mkojo ule. Fibrinojeni haina mshipa wa fahamu. Ikiisha, hauumwi. Hakuna mahali mwilini panaposema, leo sina uzi. Mtu anaweza kukaa mezani, akazungumza, akacheka na mkewe, huku damu yake ikiwa haiwezi kuganda hata tone moja. Nafuu aliyoihisi ilikuwa ya kweli, tumbo lilikuwa limetulia na homa ilikuwa imeondoka, ila haikuwa na uhusiano wowote na kilichokuwa kikimuua. Mafigo yalikuwa yameshapigwa, kwa damu inayovujia ndani yake na kwa vijiwavu vinavyoziba mishipa yake myembamba, na ukimya wa mkojo ulikuwa ni sauti yao.

Hakwenda kutibiwa. Saa 7:30 mchana, baada ya chakula, alitapika na kumwita mkewe. Muda mfupi baadaye hakuweza tena kujibu, amelowa jasho. Wakajaribu kumrudishia pumzi, gari la wagonjwa likaja, akafikishwa hospitali, na saa 9 ikawa basi. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu imevujia kwenye mapafu, macho, moyo, mafigo na ubongo.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama cha mwanasayansi shujaa aliyejitoa mhanga ili tupate kumbukumbu. Mimi sikisomi hivyo, na nadhani si haki kwake. Mtu anayejua anakufa haandiki orodha ya kifungua kinywa namna ile. Aliandika kwa sababu alidhani anaandika habari ya ugonjwa mdogo wa kuvutia, utakaoisha. Aliangalia vizuri kuliko daktari yeyote ambaye angekuwapo: saa, joto, rangi ya mkojo, kiasi cha damu. Alichokosa ni kipimo kimoja tu ambacho macho hayawezi kukifanya.

Kipimo hicho ni rahisi. Unavuta damu ya mshipa mililita 2, unaimimina kwenye chupa ndogo ya kioo, safi, kavu, mpya. Unaiacha isimame, bila kuitikisa, kwa dakika 20. Kisha unaiinamisha mara moja. Damu nzima hubaki imeshikamana chini kama kipande cha ini. Damu iliyoishiwa fibrinojeni inateremka ubavuni mwa chupa kama chai ya rangi, na inaacha utando mwekundu nyuma yake. Huhitaji umeme. Mtu aliyekuwa akivuja fizi saa 11:30 jioni na kukojoa damu saa 6:20 usiku, sina shaka chupa yake ingemwagika.

Neno "kioo" hapo lina maana yake. Ukuta wa kioo ndio unaoamsha mnyororo wa kuganda. Chupa ya plastiki haifanyi hivyo, na chupa ya kioo iliyooshwa kwa sabuni nayo inaharibika kwa kazi hii. Nimeona vituo ambapo chupa za kioo ziliisha, mtu akatumia ya plastiki kwa nia njema, damu haikuganda, na mgonjwa mwenye damu nzima akahesabiwa kuwa na sumu. Kama una wasiwasi na chupa zako, weka pembeni damu ya mtu mwenye afya katika chupa ya aina ileile na uzitazame pamoja.

Tiba nayo ina sura mbili zinazochanganya watu. Ya kwanza ni jaribu la kumwongezea mgonjwa damu au maji ya damu peke yake. Anavuja, kwa hiyo mpe damu. Lakini kimeng'enya bado kiko mle kinasuka na kuharibu, na fibrinojeni mpya unayomtia inakwenda njia ileile. Ni kutia maji kwenye pakacha. Kwanza sumu yenyewe izimwe kwa antivenomu, yaani kingamwili zilizovunwa kutoka kwa farasi waliozoeshwa sumu hiyo kidogokidogo, ndipo ini lipate nafasi ya kujaza ghala. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo baadhi huifikiria kwa kuwa tatizo linaanzia kwenye kuganda, haisaidii hapa, inaongeza hatari tu.

Ya pili ni aina ya antivenomu. Ile ya nyoka wengi inayotengenezwa Afrika Kusini inafanya kazi kwa kifutu, koboko na swila kadhaa. Kwa boomslang haifanyi chochote. Yeye ana yake ya peke yake, inayotengenezwa hukohuko, na hupatikana kwa kuagizwa. Jambo la faraja ni kwamba sumu hii ni ya mwendo wa saa nyingi, na dawa hiyo hata ikichelewa siku moja au mbili, ilimradi mgonjwa yu hai, bado inaweza kumgeuza. Kwa hiyo simu ya kuiulizia ipigwe mapema, kabla fizi hazijaanza.

Jamaa wa boomslang, nyoka mwembamba kama kijiti wa jenasi ya Thelotornis, ambaye pia tunaye Afrika Mashariki, ana sumu ya tabia hiyohiyo, na yeye hana antivenomu kabisa. Mwaka 1975 alimng'ata Robert Mertens, bingwa wa Kijerumani wa wanyama watambaao, na Mertens alifariki baada ya siku 18. Wataalamu wawili wa ngazi ya juu duniani, nyoka wawili wa meno ya nyuma, na damu mbili zilizoishiwa uzi.

Protini hizi pia zimetufaa. Kutoka kwa nyoka mdogo wa nchi kame wa jenasi ya Echis, ambaye jamaa zake wako kaskazini mwa Kenya, kulitolewa ekarini, kimeng'enya kinachoikata protrombini kama kile cha boomslang, na leo maabara hukitumia kupima dawa za kuzuia trombini. Dawa ya moyo iitwayo tirofiban ilibuniwa kwa kuiga protini nyingine ya nyoka haohao, inayozuia chembe sahani kushikana. Aliyelazwa kwa mshtuko wa moyo huenda amepewa kitu kilichofundishwa na nyoka.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Karibu vyote ni vya watu ambao hawakuwa na daftari. Ni wakulima, wachungaji, watoto waliopanda mwembe. Wakifika kituoni wamechelewa, wengine wamefungwa kamba, wengine wamechanjwa kwa wembe na kubandikwa jiwe jeusi. Kwa sumu ya kuganda, chale hizo ni balaa maradufu: kila mkato wa wembe ni mlango wa damu ambao hautajifunga. Sindano ya msuli ni vivyo hivyo. Aspirini na dawa za maumivu za jamaa yake pia ziwekwe kando, maana zinazilegeza chembe sahani ambazo ndizo pekee zilizobaki kazini.

Anayeniumiza zaidi ni yule anayekuja akitembea mwenyewe. Alikuwa akipogoa mti, kitu cha kijani kikamgusa kidole, kuna alama ndogo, haijavimba, haiumi. Ndugu zake wanasema, ni ukukwi tu, na mbona anajisikia vizuri, turudi nyumbani kabla giza halijaingia. Huyo simruhusu. Namketisha, navuta mililita 2, natazama saa. Chupa ya kwanza ikiganda, bado hajaondoka, kwa sababu sumu hii huweza kuchelewa kujionyesha. Naandika saa ya kuvuta damu kwenye plasta, naibandika kwenye mkono wake, na baada ya saa 6 navuta nyingine, na nyingine tena, mpaka siku nzima ipite. Katikati ya hapo namwomba afungue kinywa aelekee dirishani, naangalia fizi kwa mwanga wa mchana, jino baada ya jino, na kila akienda haja ndogo namwachia kikopo cheupe.